Mwenzako Yupo, Zungumza

Simu ikiita, Opereta alisimama. Kama alikuwa anakula aliacha tonge kwenye sahani, akanawa, akafunga kifungo cha juu cha shati, akavua kofia, ndipo akapokea. Aliyepiga akiwa na haraka, shauri yake. Wengi walikata kabla mzee hajafika kwenye kifungo, kisha wakalalamika kwamba hapokei simu. "Mgeni akibisha hodi unampokea umelala?" alikuwa akiuliza. Ukimjibu kwamba simu si mgeni, ni kidude tu cha kuongelea, alikutazama kwa huruma kidogo kisha akabadilisha mazungumzo.

Sikuwahi kumwita jina lake. Nilikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, na kwetu huku kando ya Ziwa Nyasa mke hatamki jina la baba wa mumewe. Mimi nilimwita Baba. Lakini Mbamba Bay nzima, kuanzia wenye maduka hadi akina mama wanaoanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, ilimwita Opereta, kwa sababu ujana wake aliumalizia kwenye swichibodi ya simu huko juu Mbinga, enzi ambazo ukitaka kuzungumza na mtu wa Songea ulimwomba Opereta akuunganishe. Basi na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yenyewe, kwa jinsi alivyoieleza, ilikuwa na maneno machache. Ulipiga, akakuuliza unamtaka nani, akachomeka waya, akasubiri. Hakukuachia laini mpaka asikie kwa sikio lake kwamba yule wa upande wa pili amefika na anapumua. Hapo ndipo alisema, "Mwenzako yupo. Zungumza." Akikosa mtu alisema, "Mwenzako hayupo. Jaribu baadaye." Alijivunia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuyachanganya maneno hayo mawili. Watu wa Mbinga wa rika lake bado wanayakumbuka. Niliwahi kukutana na bibi mmoja wa Matiri, mkulima wa kahawa, akaniambia kwamba hata leo akipiga goti kanisani husubiri kwanza ile sauti imwambie mwenzake yupo.

Nilikuwa namcheka. Sauti yenyewe, lakini, haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa nene, ya taratibu, haikupanda wala haikushuka, na ilikuwa na tabia ya kubaki chumbani baada ya mwenyewe kutoka. Siku za mwanzo za ndoa yangu niliwahi kuitika "Abee Baba" katika nyumba isiyo na mtu.

Nyumba yetu ilikuwa moja: wao wazee upande wa mbele, mimi na mume wangu upande wa nyuma, jikoni katikati. Mkwe na baba mkwe hawakai mkeka mmoja, hawatazamani machoni, na hawana hadithi ndefu. Nilipopita sebuleni Opereta aligeukia dirishani mpaka nimalize kupita. Ila kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Heshima ni ya macho, alisema, sikio halina ukwe. Basi alikuwa akikaa sebuleni na kunipigia mimi jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu, kwa zile simu za intaneti, maana mwanawe alimwekea bando na yeye hakupenda liozee humo ndani. Yote ninayoyajua kuhusu maisha yake nimeyapata kwa njia hiyo, simu imebanwa kati ya sikio na bega, mikono ikisonga ugali wa muhogo.

"Mkwe, leo chumvi imekimbia chungu."

"Nisamehe Baba, naongeza."

Na hapa ndipo palipokuwa na jambo lililonitia baridi. Sauti yake halisi ilipenya ukutani kwanza. Kisha, baada ya kitambo kidogo, maneno yale yale yalikuja tena kwenye simu, yamekonda, kama yamepita mahali. Yeye alikuwa amekwisha kunyamaza kule sebuleni huku simu bado inasema. Alilijua hilo na lilimfurahisha.

"Unamsikia yule wa pili?" aliniuliza. "Anachelewa. Kwenye waya hapakuwa na wa pili. Nilikuwa mmoja tu. Siku moja, mkwe, mimi nitakuwa nimeondoka na yeye atakuwa bado yuko njiani anakuja."

Nilimwambia asiseme maneno kama hayo jikoni kukiwa na chakula. Akacheka, na baada ya kitambo akacheka tena.

Alikuwa na simu ya mezani, nzito, nyeusi, aliyoinunua kama chakavu walipofunga swichibodi. Waya wake ulikatwa karibu na ukuta na ncha yake ilifungwa kitambaa, kama kidole chenye jeraha. Kila asubuhi aliifuta vumbi, akainua mkono wa simu na kuuweka sikioni. Mama, yaani mama mkwe wangu, alizoea. Alimpitia na ufagio kana kwamba anapita kando ya kiti. Nilipomuuliza Opereta anasikiliza nini, alinipigia kuniambia nije niinue mwenyewe. Nikainua. Hapakuwa na kitu.

"Huyo amekufa," sauti yake ikasema kutoka chumba cha pili. "Waya ulio hai haunyamazi, una mvumo wake, unajua kuna njia mbele yako. Huo unaousikia ni ukimya wa maiti. Haukudanganyi. Sasa hizi zenu za intaneti zikinyamaza, utajua ni mtu amenyamaza, au ni mtandao, au ni mtu hayupo?"

Nilimbishia. Mimi si mtu wa kuitikia kila kitu, na mume wangu alikuwa akinitania kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa wakili wa mahakama ya mwanzo. Nilimkumbusha Opereta hadithi zake mwenyewe: kwamba masika nguzo zilianguka, kwamba nyani walibembea kwenye nyaya huko kwenye mteremko wa kushukia ziwani, kwamba watu walikata shaba wakatengenezea bangili, na laini ikalala wiki baada ya wiki hata padri akawa anatuma mtu kwa baiskeli. Na leo mtu amekaa ufukweni anamwona mjukuu wake wa Dar es Salaam akipiga mswaki. Ipi ya kutegemewa hapo?

"Ilikuwa ikifa, sikatai," alisema. "Lakini ilikufa kiungwana. Ikifa imekufa, ikiwa hai iko hai. Ukimsikia mtu kwenye waya, mtu huyo yupo, sasa hivi, mahali unapopajua, ameshika simu. Mbona sisi hatukuulizana 'uko wapi'? Ninyi neno la kwanza ni 'uko wapi'. Hata mtu na mkewe."

Hilo la "uko wapi" lilikuwa kweli.

Usidhani alikuwa adui wa mambo mapya. Huyu huyu aliyesimanga intaneti alikuwa wa kwanza mtaani kukesha akipokea nyimbo za kwaya kwa simu, na bando likiisha alikuwa mkali kama mvutaji aliyekosa tumbaku. Simu za picha alikubali, ila aligeuza kioo kikatazama kalenda ya ukutani, kwa hiyo ndugu zake wa Songea walizungumza kwa heshima na kalenda. Methali ya "lisemwalo lipo" aliichukia. Alisema yeye amekaa kwenye laini ujana mzima na amesikia mengi sana yakisemwa ambayo hayakuwepo. Halafu mtu huyo huyo, bila haya, alisimulia kwamba mchana mmoja wa mvua aliwasikia wanawake wawili wakizungumza Kimatengo kwenye laini ambayo haikuchomekwa popote. Walikuwa wanapanga mapishi ya msiba. Akawaamkia. Wakanyamaza, kisha mmoja akauliza, "Nani mwenzetu?" Nilimuuliza mara nyingi alijibu nini. Mara alisema alichomoa waya akakimbilia nje. Mara alisema aliwaambia jina lake. Nilipenda zaidi ile ya kukimbia.

Tabia yake kubwa ilihusu habari za misiba. Zamani taarifa ya kifo ilipita kwake kabla ya kumfikia mwenye msiba, naye hakuipokea mara moja. Alisema, "Kata. Nikupigie mimi." Alikata, akapiga mwenyewe kule ilikotoka, akamwomba mtu mwingine aje kwenye simu, akauliza, akajibiwa. Waliompigia huku wanalia walimwona hana utu. Lakini kuna mwalimu mmoja aliyeletewa habari kwamba baba yake wa Kitura amefariki. Watu wakaanza kukusanyika, kina mama wameshajifunga kanga viunoni. Opereta akapiga ofisi ya parokia ya kule, akaomba wamtafute mtoto mkubwa wa marehemu. Aliyekuja kwenye simu ni marehemu mwenyewe, amekasirika kwa kutolewa shambani. Kumbe wazee wenye jina lile walikuwa wawili. "Sauti isiyojibu swali si mtu," Opereta alinieleza. "Ni sauti tu. Muulize kitu. Akikujibu, hapo umempata."

Nimeyaweka haya yote mbele kwa sababu ya yaliyompata mume wangu.

Mume wangu alikuwa anauza vyombo vya plastiki katika vijiji vya kando ya ziwa, upande wa kaskazini, anakwenda na kurudi kwa boti. Boti aliyopanda kurudi ilipinduka. Baadhi ya watu waliogelea, baadhi walitolewa majini, yeye hakuonekana, si mzima wala si maiti. Mmoja wa walionusurika alituapia kwamba alimwona akipanda, amebeba beseni la mwisho kichwani. Tulisubiri mpaka kusubiri kukawa aibu. Kisha wazee wa ukoo wakafanya kama ilivyofanywa kwa watu waliochukuliwa na maji: walikata shina la mgomba, wakalivisha shati lake, wakalizika nyuma ya nyumba. Katekista alisali kwanza, wakati wa mgomba akaenda kunywa maji. Mimi nikafungwa kitambaa cheusi, nikaambiwa sasa ni mjane.

Opereta hakulia mbele za watu. Kila asubuhi aliinua ule mkono wa simu mfu, akausikiliza muda mrefu kuliko zamani.

Matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa, wageni wamerudi kwao, nami nilikuwa nachambua mboga kibarazani, jua limewaka, simu yangu ilipolia mlio wa ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Ulitoka kwa mume wangu, na saa iliyoandikwa ilikuwa ya wakati ule ule.

"Mke wangu, niko salama. Mtandao huku hakuna kabisa. Nakuja. Mwambie Mama asifunge lile komeo la juu, msinifungie nje."

Niseme wazi: nilifurahi. Sikuogopa hata kidogo, hofu ilikuja baadaye. Nilivua kile kitambaa cheusi pale pale na kukitupa kwenye majani ya mboga, nikapiga yowe. Mama alitoka mbio. Nikamsikilizisha. Akaushika ule uso wa simu kwa mikono miwili, akaubusu, akaanza kupiga vigelegele hadi majirani wakaja. Chini ya jina lake pale kwenye simu paliandikwa kwamba yuko hewani. Nilipiga. Ikaita. Mtu akapokea.

Hakusema kitu. Kulikuwa na pumzi, na nyuma yake kelele za mbali kama za soko.

"Mume wangu! Uko wapi?"

Baada ya kitambo sauti ndogo, iliyokonda, ikarudi: "...uko wapi?"

"Ni yeye!" Mama akalia. "Anatuuliza tuko wapi! Tuko nyumbani, baba, tuko nyumbani!"

"...tuko nyumbani," ikasema simu. Kisha ikakatika, na lile neno la kuwa hewani likafutika.

Opereta alikuwa amesimama mlangoni, amefunga kifungo cha juu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinitazama usoni. "Mkwe," alisema, "huyo ni wewe mwenyewe unarudi."

Jioni ile Mama hakufunga komeo. Asubuhi akaanza kusema jambo lililowafanya majirani wapunguze kuja: kwamba kaburi la mtu aliye hai linamvuta, kwamba mwanawe anakuja lakini hafiki kwa sababu tumemlaza pale nyuma kwa mikono yetu. Mgomba lazima utolewe. Mimi nilimwamini. Ningeambiwa niufukue kwa meno ningeufukua.

Opereta hakubishana naye. Alinipigia jikoni. "Hujamuuliza kitu," alisema. "Umemlilia tu. Muulize jambo analolijua yeye peke yake."

Nikatafuta. Lile komeo la juu mume wangu alilipigilia mwenyewe, kichwa chini miguu juu, na siku ile tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakumwambia mtu, alisema wazazi watadhani ndiyo fasheni. Nikarekodi: "Kama ni wewe, niambie lile komeo lina kasoro gani." Nikatuma. Ikakaa tiki moja, haijafika. Tukaishi na ile tiki moja. Nilikuwa nachota maji naitazama, nakoka moto naitazama. Siku ya tatu zikawa mbili, na kabla sijamwita Mama zikageuka bluu. Mtu amesikiliza. Mtu, mahali fulani, amesikia sauti yangu ikiuliza habari za komeo.

Jibu halikuja.

"Amesikia!" Mama alisema. "Bluu hiyo, mnataka nini tena? Amesikia lakini hawezi kusema, ana udongo mdomoni!" Akachukua jembe.

Alipofika nyuma ya nyumba alimkuta Opereta ameketi juu ya kaburi. Si kando yake, juu yake, amenyoosha miguu, kofia iko magotini. Mkewe alimtukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kwa mtu mzima, na kwa Kinyasa, ili yaumize.

"Hapafukuliwi mpaka ajibu," Opereta alisema.

"Na akijibu?"

"Akijibu nitafukua mimi, kwa mikono hii. Na nitakuomba radhi mbele ya watu."

Alikaa pale. Chakula nilimpelekea, nikakiweka mbali kidogo, nikageuza uso kama mkwe anavyotakiwa. Jua lilimchoma, mvua ndogo ikamnyeshea. Mama aliketi upande wa pili na jembe lake mapajani, na wale wazee wawili walikaa hivyo wakitazamana juu ya mgomba uliovaa shati la mtoto wao. Nilikuwa nasubiri simu ilie, na nilikuwa naogopa italia.

Haikulia. Badala yake alikuja mtu, kwa miguu, kutoka upande wa stendi, shati limelowa jasho. Alisimama mbali akapiga hodi.

"Nani mwenzangu?" Opereta akauliza, bila kusimama.

Mtu yule alisema jina la kijiji chake, huko kaskazini, mahali pasipo mtandao. Ana kibanda cha kuchajisha simu, ana sola yake. Mume wangu alikuwa ameacha simu kwake ile siku, akakaa kivulini kusubiri. Boti ilipiga honi mapema, akakimbia na beseni lake, akasahau. Mwenye kibanda aliitunza. Alisikia boti imepinduka, akaiogopa ile simu. Siku alipopanda Mbinga kununua betri aliichukua, akitumaini atapata jina la ndugu, akaiwasha sokoni, na alipoiwasha tu, ule ujumbe uliokuwa umekwama humo tangu siku ile ukaondoka wenyewe. Kisha nikapiga mimi.

"Nilipokea," alisema. "Nikasikia mwanamke ananiita mume wake. Nikashindwa kusema. Ningesemaje? Nikakata, nikaizima. Nilivyoiwasha tena njiani nikakuta swali." Akanigeukia, machozi yanamtoka mtu mzima yule. "Nimelisikiliza lile swali, mama. Nimelirudia. Mimi ningejuaje komeo la mlango wenu?"

Akaiweka simu chini kwenye majani, kwa adabu, kama anaweka yai.

Opereta alijaribu kuinuka, miguu ikakataa, tukamshika mimi na mgeni yule. Ndiyo mara pekee niliyomgusa. Alifunga kifungo chake. Akamtazama mkewe, akasema kwa ile sauti yake ya swichibodi, "Mwenzako hayupo."

Ile ya "jaribu baadaye" hakuisema. Mama akalilaza jembe chini.

Nilirudisha kitambaa cheusi, nikamaliza siku zangu, na baada ya mwaka nikapanda Mbinga kuuza vitenge sokoni. Simu ya marehemu nilipewa mimi, ikakaa kwenye sanduku. Opereta alinipigia mara kwa mara, tukabishana kama zamani, mpaka kiharusi kilipompiga. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, sauti haikurudi. Kati ya vyote alivyokuwa navyo, kikachagua sauti.

Nilishuka kumwona. Alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, na nilipopita aligeukia dirishani, taratibu, kwa shida, lakini aligeuka. Nilipofika jikoni simu yangu ikaita. Nikapokea. Pumzi tu, na mlio mdogo: alikuwa anagonga simu kwa ukucha. Tukapatana hapo hapo, kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nilimuuliza kama chumvi inatosha. Mara mbili.

Mwezi uliopita Mama aliniomba picha nzuri ya mwanawe kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Picha nzuri zilikuwa kwenye simu ile ya sandukuni. Nikaichajisha, nikaja nayo kibandani kwangu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya soko hata mwenye duka la mbele yangu alikuwa kivuli tu. Ili nimtumie Mama ile picha, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu.

Ikaanza kutetemeka mkononi, haikomi. Ujumbe wa sauti, mwingine, mwingine, wote kutoka kwa mtu mmoja. Opereta. Jumbe zenyewe zilikuwa za siku za karibuni. Kama alituma za zamani zaidi, sijui mtandao ulizitupa wapi. Nilifungua mmoja. Pumzi, jogoo wa Mbamba Bay, na ukucha ukigonga. Nikafungua mwingine. Pumzi na ukucha. Yeye aliyekalia kaburi kwa sababu ya sauti isiyojibu, alikuwa anamgongea mwanawe asiye na jibu, kwa kidole kisicho na sauti. Niliogopa, na wakati huo huo nilimwonea huruma.

Hapo ndipo nikakumbuka tiki. Kule kwake, kwenye simu yake, zile tiki moja moja zilikuwa zimegeuka mbili, na nilizozifungua zimekuwa bluu.

Simu ya mume wangu ikaita mkononi mwangu. Nilijikuta nimesimama.

"Shikamoo Baba," nilisema haraka, kabla ya kitu kingine chochote. "Ni mimi, mkweo. Simu yake ninayo mimi, nimeiwasha kwa ajili ya picha. Ulidhani ni yeye?"

Ukucha ukagonga mara mbili.

"Ulijua hayupo."

Mara moja.

"Na bado ulikuwa unamtumia."

Kimya kirefu. Nyuma yake nilimsikia Mama akifagia, kwa hiyo nilijua hakikuwa kimya cha mtandao. Kisha mara moja.

Ningeweza kumkumbusha maneno yake. Zamani ningemkumbusha. Lakini nilimwona pale kwenye kiti, ameshika simu kwa ule mkono uliorudi, amefunga kifungo cha juu. Nikaifanya sauti yangu nene na ya taratibu kadiri nilivyoweza.

"Mwenzako yupo, Baba. Zungumza."

Akaanza kugonga. Haikuwa tena ndiyo wala hapana. Aligonga mfululizo, akapumzika, akagonga tena, polepole, kisha kwa haraka, mambo yote aliyokuwa nayo na mwanawe, na mimi sikuelewa hata moja. Wateja walikuja wakanikuta nimesimama na simu sikioni, sisemi, wakaenda zao. Bando likakata katikati. Nikanunua jingine, nikampigia mimi.